Kumbikumbi wa Ndala

Jumatatu, 2 Machi 1987. Jinja

Panzi wanne kabla ya kifungua kinywa. Wa tatu aliharibika: uzi ulikatika nilipokuwa nikimfunga shingo. Nikamfumua na kuanza upya. Jiriwa yangu ndogo ya kushikia ndoano imebanwa kwenye ukingo wa meza ya chakula, na mwenye nyumba amelalamika tena kuhusu manyoya yanayoingia kwenye sukari.

Kazi hii ya kufunga wadudu wa bandia kwenye ndoano nilijifunza Kenya, wakati wa ukimbizi, katika karakana iliyowauzia wavuvi wa Ulaya. Nilifunga panzi, siafu na mende wasiohesabika kabla ya kuingia chuo kikuu. Sijawahi kumwona trauti, samaki wa mito baridi ya mlimani, akimmeza hata mmoja wao.

Leo Mkurugenzi wa Uvuvi alikuja kutoka Entebbe. Kituo cha trauti kilichoko mlimani, juu ya Mbale, kitafungwa iwapo hakuna ushahidi kwamba samaki hao walinusurika vitani. Hakuna mtumishi aliyekwenda kutazama tangu askari walipopiga kambi huko. Nilisimama. Nilisema kwamba ninaweza kuthibitisha kuwapo kwao kwa ndoano moja, bila wavu, bila sumu, kwa njia ya inzi mkavu, yaani yule anayeelea juu ya maji kama mdudu aliyeanguka kutoka majanini. Nilitumia neno "kuthibitisha" kupita kiasi. Mkurugenzi alitabasamu.

Amenipa muda hadi mwisho wa Aprili, kisha atakuja kutazama kwa macho yake. Trauti akionekana, kituo kitabaki nami nitakuwa msimamizi wake. Asipoonekana, kituo kitafungwa, na mkataba wangu wa muda utakwisha pamoja nacho.

Nimefurahi. Pia ninaogopa. Hilo la pili halitamfikia mtu.


Alhamisi, 5 Machi. Bugembe

Kwa mama, kuomba uzi. Cherehani yake iko barazani, inatazama barabara ya Iganga. Nilichagua rangi ya majani makavu, rangi ya kahawa, na nyeusi. Alinitazama nikizipanga.

"Umesoma miaka yote hiyo ili uwashonee panzi nguo?"

Nilimweleza umuhimu wa kitaifa wa jambo hili. Alisikiliza huku akikata lisani ya kanzu. Kisha akanionya nisizungumze Kiswahili ovyo huko mlimani. Alisema kwetu Kiswahili ni cha nyumbani, lakini huko juu walikisikia kwa watu wenye bunduki tu.

Nilimjibu kwamba Kiswahili changu ni cha chuo. Hakuna atakayekidhania cha kambini.

Alikanyaga cherehani.


Jumapili, 8 Machi. Mbale

Tumefika. Gari tulilopewa ni Landrova iliyoachwa na jeshi. Bado ina rangi ya kijani. Dereva ni Bwana Ouma, mtu wa Tororo, mwenye maneno mengi. Njiani, kwenye kila kizuizi, yeye ndiye aliyezungumza. Mimi nilionyesha vyeti.

Nimefikia mtaa wa Nabuyonga, kwa shangazi Mariamu, dada wa marehemu baba. Anaishi peke yake na kuku. Jogoo wake anaitwa Brigedia, ana manyoya ya shingo marefu, yenye rangi ya asali, yanayong'aa. Sijawahi kuona manyoya bora kuliko hayo, hata katika karakana ya Kenya. Nimemwomba shangazi machache.

"Mwombe mwenyewe," alisema.

Nilimwomba mwenyewe. Nina mikwaruzo mitatu mkononi.


Jumanne, 10 Machi

Siku mbaya. Nitaiandika kwa utaratibu.

Tulivuka daraja la mto Namakhele na kupita kituo kilicho kando yake: nyumba ya mawe isiyo na paa, mahodhi ya kulelea vifaranga vya samaki yamejaa vyura. Nikaamua tuendelee na gari hadi kijijini. Kwenye kona ya juu tuliwakuta wanawake wawili wakipanda mlima, kila mmoja na mkungu wa matoke, ndizi za kupika, kichwani. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Nilimwambia Ouma asimame. Nilitoa kichwa dirishani, nikawaamkia, kisha nikasema kwa adabu yote niliyofunzwa: "Mama zangu, tafadhalini, pandeni gari."

Mmoja aliutupa mkungu. Mwingine aliuacha uanguke wenyewe. Waliingia kwenye migomba wakatoweka. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo linalonisumbua. Watu wanaoogopa hupiga kelele. Hawa walikuwa wamejizoesha kukimbia kimya.

Ouma alizima injini.

Niliiweka mikungu yote miwili garini, kama mali iliyopotea, nikaihifadhi kituoni chini ya turubai. Wenyewe wataijia.


Jumatano, 11 Machi

Mwenyekiti wa kijiji alitupokea akiwa amesimama. Hakutupa viti. Niliuliza kuhusu samaki.

"Samaki hapa hapana, afande. Ilikwisha. Watu ya bunduki ilitupa bomu kwa maji, yote ikakufa."

Nilimwambia kwamba mimi si afande, ni ofisa wa uvuvi. Akajibu: "Ndiyo, afande."

Nimevua kuanzia darajani hadi kwenye miamba ya kwanza. Panzi wa rangi ya majani makavu. Ameelea vizuri sana. Hakuna aliyemgusa.


Jumamosi, 14 Machi

Hakuna. Siafu mweusi. Panzi mdogo. Mende. Maji ni baridi na yana hewa ya kutosha, yanafaa kabisa. Kwenye vidimbwi vya chini bado kuna miamba iliyopasuliwa na mabomu.

Kila ninayemuuliza anajibu kwa maneno yale yale. Ilikwisha. Hata watoto hujibu hivyo.


Jumanne, 17 Machi

Hakuna. Niliteleza nikaanguka majini na tai yangu shingoni. Ouma amenishauri niache kuvaa tai mtoni. Nilimweleza kwamba mtumishi wa umma hutambulika kwa mavazi yake.

"Ndiyo, bwana. Na hawa watu wamekutambua ukiwa mbali."


Ijumaa, 20 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa tulikula kwa shangazi, mimi na Ouma. Sikuwa nimemsimulia shangazi kisa cha wale wanawake. Ouma alimsimulia, kwa mzaha, akiiga sauti yangu: mama zangu, tafadhalini, pandeni gari.

Shangazi aliweka tonge chini. Akainuka, akanawa, akaenda uani. Hakurudi mezani.

Nilimfuata. Alikuwa akimrushia Brigedia punje za mtama. Alizungumza bila kunitazama. Katika miaka niliyokuwa Kenya nikisoma, alisema, malori yalikuwa yakija alfajiri. Yalizunguka mtaa mzima. Askari walisema maneno mawili tu: panda gari. Waliopanda, baadhi walirudi, wengi hawakurudi. Mjomba Abdu, mumewe, alipanda akiwa na kanzu ya kulalia. Nilijua kwamba mjomba alipotea vitani. Sikujua alipoteaje. Hakuna aliyeniambia nami sikuuliza.

"Hapa nyumbani tunazungumza Kiswahili tangu babu," alisema. "Lakini neno hilo hatulisemi. Mtu akija na teksi, tunamwambia ingia."

Nilijisikia mpumbavu. Bado ninajisikia hivyo. Vyeti vyangu vyote vimeandikwa kwamba ninakijua Kiswahili kwa kiwango cha juu.


Jumamosi, 21 Machi

Nimeacha gari darajani. Nilimwambia Ouma halitavuka tena.

Niliifunua mikungu. Yote imeiva, mmoja umeanza kupasuka. Niliuinua ule mkubwa nikauweka kichwani. Sijawahi kubeba kitu kichwani tangu utotoni. Huku si kazi ya wanaume. Ouma alicheka hadi akaketi juu ya jiwe. Kisha akabeba wa pili, begani, akisema kichwa chake ni cha kofia tu.

Njia ni ndefu na ina mwinuko mkali. Utomvu ulinichuruzikia shingoni. Watoto walitufuata kwa mbali, kisha kwa karibu. Sikusema Kiswahili. Nilisema neno moja la Kimasaba, lugha ya huku, alilonifundisha shangazi asubuhi, la salamu: mulembe. Nilimwambia kila niliyekutana naye, pamoja na mbuzi mmoja niliyemdhania mtu nyuma ya ua.

Mwenye mkungu mkubwa anaitwa Mayi Nambozo; mayi ni mama kwa Kimasaba. Ni mama wa makamo, mjane, mwenye sauti nzito. Alitoka nyumbani akasimama. Aliutazama mkungu, akaitazama tai yangu, kisha akafinya ndizi moja kwa vidole.

"Hii sasa si ya kupika. Hii ni ya pombe."

Nilisema ninasikitika.

"Umekuja nayo na miguu? Kutoka daraja?"

Nilisema ndiyo.

Alimwita jirani yake, mwenye mkungu wa pili. Wakazungumza kwa Kimasaba. Jirani akacheka hadi akashika tumbo. Baada ya hapo Mayi Nambozo alinipa kigoda. Hakuniita afande. Ameniita Bwana Ndizi.

Kuhusu samaki alijibu kama wengine wote. Ilikwisha. Lakini alijibu akitazama pembeni, upande wa mlima.


Jumatano, 25 Machi

Hakuna samaki. Nilisaidia kuezeka banda la Mayi Nambozo. Ouma ameahidi kumtengenezea bawaba ya mlango. Nimetuma taarifa Entebbe kwa simu ya upepo ya polisi: uchunguzi unaendelea. Ni sentensi ya kweli. Sikuipenda.


Jumamosi, 28 Machi. Nabuyonga

Mvua kubwa jana. Leo shangazi alinunua kumbikumbi sokoni, akawakaanga bila mafuta, kisha akawapepeta uani. Mabawa yakaruka kama maganda ya vitunguu. Mengi yaliangukia kwenye karai la maji.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu, sahani ikiwa mkononi.

Mabawa yalielea yakiwa yamelala bapa. Wadudu wote niliofunga Kenya, niliwafunga kwa kufuata picha za vitabu vya Ulaya: mabawa juu, miguu imara, mdudu amesimama juu ya maji kana kwamba anasubiri kupigwa picha. Kumbikumbi hasimami. Akianguka, ameanguka. Mwili mzito ndani ya maji, mabawa bapa juu yake. Na huu ndio msimu wake. Nani anayekula panzi wakati kumbikumbi wananyesha?

Mwili unahitaji kitu laini kinachoelea. Nimekata kisigino cha ndala ya shangazi, ile ya bluu. Nimekipaka rangi ya kahawa. Mabawa nimeyakata kutoka mfuko wa nailoni. Shingoni, mizunguko miwili tu ya manyoya ya Brigedia, nikayanyoa kwa chini ili alale.

Ni mbaya kwa kumtazama. Karakana wangenifukuza. Nimemweka kwenye karai. Amelala miongoni mwa mabawa ya kweli, na kwa kitambo nilishindwa kumtambua.

Shangazi anatafuta ndala yake.


Jumamosi, 4 Aprili

Nimemwona. Nimemshika.

Nilipanda asubuhi kumpelekea Mayi Nambozo bawaba ya mlango. Nikamwonyesha kumbikumbi wangu. Alimshika kwa vidole, akamgeuza, akamnusa.

"Hii ni sapatu."

Nilikiri kwamba ni sapatu, yaani ndala.

Alimwekea jirani kiganjani bila kumwambia lolote. Jirani akamtia mdomoni. Sitasahau uso wake. Walicheka sana. Kisha Mayi Nambozo akanitazama, akachukua vijiti viwili na kuniambia nimfuate.

Ana kichuguu chake juu ya shamba, karibu na ukingo wa msitu. Huku kila kichuguu kina mwenyewe, na hakuna anayegusa cha mwenzake. Juu ya matundu alikuwa ameweka kibanda kidogo cha fito na majani ya migomba, chenye shimo la kunasia. Akaketi na kuanza kugonga vijiti juu ya kipande cha ubao, haraka na kwa upole, mlio wa manyunyu. Kumbikumbi hudhani mvua imekuja. Wakaanza kutoka. Wengi waliingia shimoni. Wengine walipenya kwenye majani wakaruka, wakateremka na upepo kuelekea nyuma ya kichuguu, nami nikasikia maji.

Kuna kidimbwi huko. Maporomoko yanakiziba, huwezi kukiona ukiwa mtoni. Kumbikumbi walikuwa wakianguka juu yake. Na pale walipoanguka, maji yalifunguka na kujifunga. Duara. Duara jingine. Mgongo wenye madoa.

Nilirusha vibaya, nikarusha tena. Sapatu ya shangazi ilielea kidogo, kisha haikuwapo.

Alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kifundo. Mstari wa waridi ubavuni. Sikuwahi kudhani kwamba rangi ile ni ya kweli. Niliiona vitabuni nikafikiri wachapishaji wameizidisha. Ni jike, tumbo limejaa mayai.

Mayi Nambozo alisimama nyuma yangu. "Sasa umeona. Utaambia nani?"

Askari walipokuwa hapa, alisema, kila siku walikuja na swali moja kwa Kiswahili: samaki iko wapi? Kijiji kikakubaliana jibu moja. Vidimbwi vya chini vilipigwa mabomu. Hiki kilibaki kwa sababu ya jibu hilo.

Nilikuwa na chupa ya mdomo mpana, yenye dawa ya kuhifadhia samaki, kwenye mfuko begani. Ningemtia humo, nikashuka, nikapeleka ushahidi Jinja, na yote yangekwisha. Nilimrudisha majini. Nitaandika katika taarifa kwamba alikuwa na mayai, na kwamba kumuua jike wakati huu ni kinyume cha taaluma. Ni kweli. Sababu si hiyo peke yake.

Niliishika ajira yangu mkononi nikairudisha mtoni.


Jumapili, 5 Aprili

Ninajuta. Nimeandika jana kama mtu mwenye hekima. Leo mimi ni mtu asiye na samaki.


Ijumaa, 10 Aprili

Nilirudi kwa Mayi Nambozo nikamweleza jambo kama lilivyo. Kituo kikifungwa, hakutakuwa na yeyote mwenye mamlaka ya kuulinda mto. Atakayekuja na bomu au sumu kesho hatazuiwa. Kikibaki, naweza kuomba kidimbwi cha juu kifungwe kwa uvuvi wa kila aina. Lakini Mkurugenzi ni lazima aone. Nilimwambia pia kwamba ninaitaka kazi hii kwa ajili yangu mwenyewe. Sikutaka aje alijue kwa mtu mwingine.

"Hiyo najua," alisema. "Unavaa kamba shingoni kila siku."

Akasema atazungumza na wenzake.


Jumanne, 14 Aprili

Wamekubali, kwa sharti moja. "Mukikuja, mukuje na miguu. Gari ikipita daraja, mimi sigongi kijiti."

Nimempelekea Mkurugenzi taarifa: trauti ameonekana, ziara ifanyike kwa miguu kutoka darajani.


Alhamisi, 16 Aprili

Jibu: atakuja Jumamosi ya tarehe 25. Kwa sababu ya usalama upande wa barabara ya Soroti, ataletwa na lori la askari hadi kijijini. Kuhusu trauti anauliza: yuko wapi?

Nimelisoma swali hilo mara kadhaa. Ni swali lile lile.


Jumatatu, 20 Aprili

Silali vizuri. Nimeomba tena kwamba magari yabaki darajani. Hakuna jibu.

Ouma amejitolea kuegesha Landrova katikati ya daraja siku hiyo na kuinua boneti. "Mimi naweza kuua hii gari, bwana. Nimeiua mara mingi bila kupenda."

Nilimkatalia. Saa hii, sina hakika kwa nini.


Ijumaa, 24 Aprili

Nimefunga kumbikumbi sita. Ndala ya pili imekwisha. Shangazi anatembea peku uani. Anajua kesho ni nini. Jioni aliniletea Brigedia kwapani, ametulia, akamshika mabawa.

"Chukua unayotaka," alisema. "Leo nimemwamrisha."


Jumamosi, 25 Aprili

Walifika kabla ya adhuhuri. Gari la Mkurugenzi mbele, lori la askari nyuma. Nilikuwa nimesimama kwenye daraja, katikati, nimevaa tai. Ouma alikuwa kando, ametega masikio.

Mkurugenzi alishusha kioo. Alikuwa amechoka na safari. "Bwana ofisa, tupishe. Huyo samaki wako yuko wapi?"

Nilikuwa nimetayarisha hotuba fupi kuhusu mmomonyoko wa udongo na udhaifu wa daraja. Nilikuwa nimeikariri. Haikutoka. Nilisema: "Bwana Mkurugenzi, naomba magari yabaki hapa. Watu wa juu wanakumbuka maneno mawili."

"Maneno gani?"

Niliyasema. Polepole, kwa sababu askari walikuwa wakisikia.

Nilidhani atakasirika. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango wa gari, na niliutazama huo, sikuutazama uso. Luteni alikuwa ameshuka kwenye lori. Kijana, umri wangu. Aligeuka akalitazama lori lake, kuanzia magurudumu hadi turubai, kama mtu anayelitazama kwa mara ya kwanza. Kisha akawaambia vijana wake washuke wakae kivulini, bunduki chini.

Mkurugenzi alifungua mlango. "Kaka yangu naye aliambiwa hivyo," alisema. Akauliza njia iko upande gani.

Alipanda mlima mzima kwa viatu vya ofisi. Nilimfundisha mulembe. Alilitamka vibaya kwa kila mtu na kila mtu alimjibu.

Mayi Nambozo alikuwa ameketi kwenye kichuguu, na wanawake wengine watatu. Alitazama nyuma yetu, njiani, kwa muda. Hakuona gari. Wakaanza kugonga.

Kwa kitambo kirefu hakuna kilichotoka. Mkurugenzi alitazama saa yake mara moja. Nilianza kutunga kichwani maneno ya kumuaga. Kisha mmoja akatoka, akatembea juu ya jani kama mlevi. Kisha wengi. Walikuwa wakiingia shimoni, chakula cha wiki cha wanawake hao, kitoweo na akiba. Mayi Nambozo aliwatazama. Akainuka, akashika kibanda cha majani kwa mikono miwili, akakibomoa.

Wote waliruka. Hewa ilikuwa mabawa matupu. Upepo ukawabeba juu ya kidimbwi, na maji yakaanza kuchemka kwa samaki.

Mkurugenzi alisema nirushe. Nilirusha. Kumbikumbi wa ndala alilala bapa kati ya wenzake. Trauti alipanda, nikamwona mdomo, nikavuta mapema mno. Ndoano ikarudi tupu ikanasa kwenye tai yangu. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, mbele ya mtu niliyetaka kumpendeza kuliko wote.

Wanawake walicheka. Mkurugenzi naye alicheka, akaketi kwenye jiwe, akavua viatu.

"Bwana Ndizi amejivua mwenyewe," alisema Mayi Nambozo.

Mkurugenzi alitazama maji hadi yakatulia. Kisha akasema ameona, na kwamba kituo kitabaki. Kidimbwi hiki hakitaguswa na ndoano ya mtu yeyote. Tutachukua mayai kidogo kwa ajili ya mahodhi, basi. Akanigeukia.

"Hata ndoano yako."

Nilisema ndiyo, bwana.


Jumatano, 29 Aprili. Jinja

Barua ya uteuzi. Kaimu Msimamizi. Nilitarajia Msimamizi. Nilikasirika hadi alasiri, kisha nikaona aibu, kisha nikaisoma tena. Nimemsomea mama. Aliniuliza kama kaimu hushonewa kanzu. Ramadhani inaanza, alisema, na kanzu yangu ya zamani imenibana.

Nimempelekea shangazi ndala mpya. Nyekundu. Zile za bluu hazikuwapo.


Jumamosi, 9 Mei. Mbale

Saumu. Asubuhi nyepesi, mvua ndogo. Mabati ya paa la kituo yamefika. Vyura tumewahamisha, si wote.

Tulikuwa tukitoka mjini na Ouma. Karibu na daraja, upande wa chini, tulimkuta Mayi Nambozo ametua mkungu wake barabarani, anapumzika. Ouma alisimamisha gari bila mimi kumwambia. Sikutoa kichwa dirishani. Nilishuka, nikamwamkia, nikazunguka nyuma, nikafungua mlango na kuuacha wazi. Sikusema neno lolote.

Aliutazama mlango. Rangi ya gari bado ni ya kijani. Rangi nyingine imeagizwa. Aliutazama kwa muda ambao Ouma aliweza kuzima injini na kuanza kusafisha kioo kisicho na uchafu.

Kisha akainua mkungu, akauweka ndani, akausukuma hadi mwisho ili usibingirike. Akafunga mlango yeye mwenyewe. Akaanza kutembea.

Nilitembea naye. Ouma alitufuata polepole hadi darajani, akasimama hapo, nami nikautoa mkungu nikauweka kichwani. Mayi Nambozo alikuwa akinieleza kuhusu bawaba, kwamba inalia.